Tunanunua Jina au Saa za Kazi? Uaminifu kwa Chapa katika Ununuzi wa Mitambo ya Kuhamisha Udongo

Utangulizi

Mkandarasi anayenunua buldoza, ekskaveta au greda anafanya uamuzi utakaomfunga kwa miaka mingi. Mtambo ukisimama porini hausimami peke yake. Husimama pamoja na malori, madereva, vibarua na tarehe ya kukabidhi kazi. Kwa uzito huo, tungetarajia uamuzi huu uchunguzwe kuliko mwingine wowote katika kampuni. Badala yake, mara nyingi hufanywa kwa mazoea. Wapo wasiotaka kusikia jina jingine ila Caterpillar, wapo walioapa kwa Komatsu, na siku hizi wapo wanaotazama bei ya SANY au XCMG na kufunga mjadala hapo hapo. Mada hii inatetea hoja moja: uaminifu kwa mtengenezaji una mantiki yake, lakini kinachoustahili ni huduma inayoufikia mtambo pale unapofanyia kazi, na uaminifu huo sharti uthibitishwe upya kwa hesabu kila mtambo unapobadilishwa.

Jina kubwa bila huduma: funzo la Kongwa

Mfano ulio karibu nasi ni mradi wa karanga wa Tanganyika. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, wakilenga kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Mitambo mipya ilikuwa adimu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo yakanunuliwa matrekta ya minyororo yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Viwanda vilivyoyatengeneza vilikuwa na sifa kubwa. Hata hivyo mengi yalifika yamechoka, karakana haikuwa tayari, mafundi walikuwa wachache, vipuri vilitoka ng'ambo, na udongo wa Kongwa uliokauka kiangazi ulikula vyuma haraka. Kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yaliyoitwa Shervick, nayo hayakuiokoa kazi. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Kushindwa huko kulikuwa na sababu nyingi, uhaba wa mvua na upangaji mbovu zikiwamo, na si haki kuitupia mitambo lawama zote. Lakini kwa suala letu ushahidi uko wazi: sifa ya kiwanda haikusafiri pamoja na mtambo. Ilibaki kule kulikokuwa na karakana, fundi na ghala la vipuri.

Caterpillar, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa kuunganisha kampuni za Holt na C. L. Best za California, ililielewa jambo hili mapema. Ilijenga mtandao wa mawakala wanaojitegemea na kujitangaza kwa ahadi ya kufikisha kipuri popote duniani ndani ya saa 48. Ilipopata hasara miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984, mtandao huo ulikuwa miongoni mwa nguzo zilizoisaidia kusimama tena. Hata hapa Afrika Mashariki, tunapolinganisha Caterpillar na Komatsu, kwa kiasi kikubwa tunalinganisha kazi ya mawakala wao, Mantrac na Panafrican Equipment. Kwa hiyo swali la chapa halina jibu moja kwa nchi nzima. Mtengenezaji aliye bora kwa kazi ya Dar es Salaam anaweza kuwa wa pili kwa kazi ya Katavi, ikiwa mpinzani wake ndiye mwenye fundi na vipuri karibu zaidi.

Ubora huhama

Sababu ya pili ya kutougandisha uaminifu wetu ni kwamba viwanda hubadilika. Komatsu ilianzishwa mwaka 1921, na kwa muda mrefu buldoza zake zilionekana dhaifu zikilinganishwa na za Marekani. Caterpillar ilipoingia Japani kwa ubia na Mitsubishi mwaka 1963, wengi waliona Komatsu imefika mwisho wake. Nayo ikaanzisha kampeni ya kuboresha buldoza zake hatua kwa hatua, na mwaka 1964 ikatunukiwa Tuzo ya Deming kwa udhibiti wa ubora. Mnunuzi aliyeendelea kuipima Komatsu kwa kumbukumbu za miaka ya 1950 alikuwa akikihukumu kiwanda ambacho hakikuwapo tena. Tahadhari hiyo hiyo inatuhusu leo tunapozungumzia mitambo ya China. Shantui ilijifunza kutengeneza buldoza kwa teknolojia ya Komatsu, na mwaka 2006 Volvo ilikubaliana kununua sehemu kubwa ya hisa za SDLG. Kuyaweka majina yote ya China katika kapu moja ni uvivu wa kuchunguza, sawa na kuyakumbatia yote kwa sababu ya bei.

Tena, nembo iliyobandikwa ubavuni haisemi kila kitu kuhusu kilichomo ndani. JCB ilitegemea sana injini za Perkins hadi ilipoleta injini yake ya Dieselmax mwaka 2004, ilhali Perkins ilikuwa imenunuliwa na Caterpillar tangu 1998. Ekskaveta nyingi za Hitachi hutumia injini za Isuzu, na pampu za haidroliki za Kawasaki zimo katika ekskaveta za watengenezaji wengi wanaoshindana sokoni. Sisemi kwamba mitambo yote ni sawa. Ubora wa chuma, uchomeleaji, mfumo wa umeme na usanifu hutofautiana sana. Ninachosema ni kwamba mnunuzi makini huuliza injini ni ya nani, pampu ni ya nani, na nani hapa nchini anayeweza kuzifungua na kuzirudisha zikafanya kazi.

Hesabu inayoamua

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, tukiacha kando riba, mafuta na matengenezo ya kawaida. Ekskaveta A inauzwa shilingi milioni 400 na baada ya saa 10,000 itauzika kwa milioni 160. Ekskaveta B inauzwa milioni 280 na itauzika kwa milioni 70. Tofauti ya bei dukani ni milioni 120, lakini kwa kila saa ya kazi A inapoteza thamani ya shilingi 24,000 na B shilingi 21,000. Pengo lililoonekana kubwa limekuwa shilingi 3,000 kwa saa. Sasa tuseme mtambo unafanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, na kila siku unaposimama kazi nzima inapoteza milioni 1.5. Ikiwa B itasimama siku kumi zaidi ya A kwa mwaka ikingoja vipuri, hasara yake ni shilingi 7,500 kwa saa, na A imeshinda. Ikiwa wakala wa B ana ghala mji huo huo, na tofauti ni siku mbili tu, hasara ni shilingi 1,500 kwa saa, na B imeshinda. Mitambo ni ile ile na bei ni zile zile. Kilichogeuza matokeo ni siku za kusubiri.

Pingamizi na majibu

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kuwa chapa moja hupunguza gharama za akiba ya vipuri, mafunzo ya mafundi na mazoea ya maopereta. Ni kweli, na hoja yangu haipingani nalo. Lakini faida hiyo hupatikana zaidi ndani ya aina moja ya mtambo kuliko katika jina moja kwa mitambo yote. Rola ya buldoza haiingii kwenye greda hata kama vyote vina nembo moja. Kampuni inaweza kuwa na ekskaveta zote za mtengenezaji mmoja na greda zote za mwingine, ikabaki na akiba ndogo ya vipuri na bado ikawa na sauti mezani pa mazungumzo. Wakala anayejua huna pengine pa kwenda hana haraka ya kukupunguzia bei wala kukutumia fundi. Zamani tulisema pia kuwa kufuatilia mitambo ya nembo tofauti ni usumbufu. Leo kiwango cha ISO 15143-3 kinawezesha taarifa za saa, mafuta na mahali ulipo mtambo kusomwa pamoja, hata kama watengenezaji ni tofauti.

Wengine watasema mtengenezaji mgeni hana historia ya kupimwa. Hilo ni kweli pia, na dawa yake ni kuanza na mtambo mmoja, katika kazi isiyo mbali na wakala, chini ya mkataba wa huduma ulioandikwa, kisha kusubiri takwimu kabla ya kununua wa pili. Na mkandarasi mdogo atasema hana takwimu zozote. Anazo, ila hajaziandika. Daftari lenye saa za kazi, lita za mafuta, vipuri vilivyobadilishwa na siku za kusimama linatosha kumpa ushahidi mzuri kuliko kijarida chochote cha muuzaji.

Mapendekezo

Kwanza, kila kampuni iweke kumbukumbu hizo kwa kila mtambo, na isinunue mwingine kabla ya kuzisoma. Pili, mazungumzo na wakala yaanze na muda wa kufikisha kipuri hadi eneo la kazi na fidia akichelewa, kabla ya kugusa bei. Tatu, zabuni za umma zieleze kazi na sifa badala ya jina. Sheria ya ununuzi ya Kenya ya mwaka 2015 hairuhusu kutaja nembo isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachohitajika, na hata hapo lazima chenye sifa sawa kikubaliwe. Vigezo hivyo viongezewe sharti la vipuri na mafundi, maana zabuni inayotazama bei ya chini pekee huijazia halmashauri mitambo isiyotembea. Nne, vyama vya makandarasi vikusanye takwimu za siku za kusimama kwa kila aina ya mtambo na kila mkoa, na kuzigawa kwa wanachama. Leo kila mmoja wetu anajifunza kwa hasara yake mwenyewe. Tukiziunganisha kumbukumbu zetu, hata mkandarasi anayenunua greda yake ya kwanza ataingia ofisi ya wakala akiwa na ushahidi wa wenzake mkononi.