Bumu si mshahara

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na majina ya vyuo yakishafuata, nyumba nyingi mjini huwa na habari moja tu: mtoto amepata chuo. Majirani huja kutoa pongezi, mjomba hupigiwa simu, begi hununuliwa. Leo nataka tuzungumze juu ya mwaka wa kwanza wa mtoto huyo, maana naona tunamuaga kwa shangwe bila kumweleza anakwenda kukutana na nini.

Nichukue Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika hata 20. Bila shaka kila mmoja alijulikana kwa jina. Mwanafunzi wa leo pale Mlimani anaweza kujikuta ukumbini na mamia ya wenzake, mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, na akimaliza anaondoka. Hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Ukikosa vipindi wiki tatu huenda asikuulize mtu, ila mtihani utakuuliza. Ndipo mzazi anaposikia kwa mara ya kwanza maneno kama "sapu" na "kudisko".

Malazi nayo ni shughuli. Mwaka 2017 zilifunguliwa pale hosteli za kuchukua wanafunzi 3,840, zikapunguza ile adha ya "kubebana", yaani kulala wawili kitanda kimoja. Wanaokosa nafasi hupanga vyumba mitaani.

Lakini linalonisumbua zaidi ni fedha. Mwanafunzi aliyepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupewa fedha za chakula na malazi ambazo wenyewe huziita bumu. Mwaka 2022 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Haziji kila siku wala kila mwezi. Huja kwa mkupuo, na mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Hebu fikiria kijana wa miaka 19 au 20 ambaye hajapata kushika laki moja yake mwenyewe.

Tumezoea kusema vijana huzimalizia kwenye simu na viatu. Wapo, sikatai. Ila mimi nina kijana wa ndugu yangu, yuko mwaka wa pili sasa. Bumu lake la kwanza liliingia asubuhi. Kabla ya magharibi alikwishapigiwa simu tatu kutoka nyumbani. Moja ya bati, moja ya ada ya mdogo wake, moja ya dawa za bibi. Hapakuwa na ombi la upuuzi hata moja. Akatuma 250,000. Zilizobaki, ukizigawa kwa siku 60, hazifiki 6,000 kwa siku, na humo mna chakula, nauli na kutoa kopi. Ikawa anakula mlo mmoja, anasinzia kwenye vipindi, na nyumbani wanamsifu kuwa mtoto mwenye moyo.

Watu wale walidhani ni mshahara. Ni deni, ndugu zangu, tena lina jina lake. Siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulilipa, pamoja na bati lile.

Kwa hiyo nashauri kikao kifanyike kabla mtoto hajapanda basi. Baba, mama, na yule shangazi ambaye simu yake haikataliki, wote wawepo. Kijana aeleze amepangiwa kiasi gani na zitakuja lini, asifiche wala asijitape. Nyumbani nao waahidi kutoomba kitu mpaka mitihani ya mwaka wa kwanza ipite. Na yule aliyenyimwa mkopo, au aliyepewa pungufu, afuatilie mapema dirisha la rufaa la Bodi na kuandaa vielelezo vyake, maana likifungwa, mzigo wote unarudi kwa mzazi.

Bibi alipata dawa zake, na nashukuru. Lakini tulikuwa watu wazima sita wenye kipato katika ukoo ule, na simu ilipigwa kwa mwanafunzi.