Hotuba ya Mwenyekiti: Hati ni Moja, Kibali ni Kingine



Leo tunatimiza miaka kumi. Tulianza tukiwa akina mama 24 chini ya mwembe, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa wiki. Habari za hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tutasema habari ya ploti yetu, maana ilikaribia kutuvunja.

Hati ilipotoka tulipiga vigelegele, tukadhani yamekwisha. Fundi akatuambia, "Akina mama, hati mnayo, mwangoja nini?" Basi tukachimba msingi wa vyumba vya kupangisha. Wiki ya pili wakaja watu wa kaunti, wakataka kibali cha ujenzi. Hatuna! Mawe yakapigwa alama nyekundu, kazi ikasimama. Mvua ikanyesha, simiti ikaganda kwenye mifuko. Maneno nayo yakaanza, kwamba viongozi wamekula pesa. Wenzetu wanne wakachukua akiba zao wakaondoka. Hatuwalaumu. Pesa hatukula, lakini kuuliza tulikosa kuuliza.

Kumbe sheria ya mipango ya ardhi ya Kenya ya mwaka 2019 inasema wazi. Hati yaonyesha ardhi ni yako. Ruhusa ya kujenga ni kitu kingine, nayo inatolewa na kaunti kwa maandishi. Ukianza kujenga bila ruhusa hiyo, faini yafika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Tena unaweza kuamriwa uirudishe ardhi ilivyokuwa kwa siku 90. Hata kama ni shamba la babu yako.

Tukaanza upya. Ramani ikachorwa na mtu aliyesajiliwa, ada tukalipa, karatasi tukapeleka. Tukangoja, kimya. Tulipofuata tukaambiwa faili halionekani. Nasi hatukuwa na hata nakala moja iliyopigwa muhuri! Mara ya pili tuliomba muhuri na tarehe kwenye nakala yetu, kisha ndipo tukatoka mlangoni. Tarehe hiyo ina kazi kubwa. Sheria inasema siku 60 zikipita bila wewe kujibiwa kwa maandishi, huhesabiwa kwamba ruhusa umepewa. Lakini bila muhuri utazihesabu kutoka wapi? Na ukikataliwa usilie nyumbani. Una siku 14 za kukata rufani kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo. Siku 14 si nyingi, akina mama.

Sisi tulijibiwa kabla ya 60. Tuliomba vyumba kumi, tukaruhusiwa vinane, ili ibaki nafasi ya shimo la choo na njia ya gari. Wengine walinung'unika, wakasema tujenge kumi tu, nani atahesabu? Tukakataa. Ukivunja masharti, kibali chafutwa, na haki yako ya kujenga imekwenda nacho. Ukiyashika, hata afisa akihamishwa akaja mwingine, unamwonyesha karatasi. Mwaka jana alikuja mgeni kama huyo akauliza nani ameturuhusu. Katibu akafungua faili. Bwana yule akasoma, akapima, akatuaga kwa heshima.

Basi kwa vikundi vinavyoanza, ombi letu ni hili. Kabla ya kununua, ulizeni kaunti ardhi ile imepangiwa nini, makazi, biashara au kilimo. Msichimbe hata shimo kabla ya kibali. Kikitoka, someni tarehe na masharti yote, mpaka yule asiyejua kusoma asomewe. Na kianzeni kazi kibali kingali hai, kisikae kabatini hadi muda wake ukapita. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza, na ploti bila kibali huliwa na mvua.

Leo vyumba sita vina wapangaji, viwili vyangoja mabati. Kwa wale wenzetu wanne, kama mko hapa leo, mlango uko wazi na faili liko mezani. Njooni msome wenyewe.