Macho Yakigeuka Manjano, Tutazame na Figo



Leo tunasherehekea miaka 10 ya kuweka na kukopa. Sisi wa kamati ya afya tumepewa dakika chache, nasi tumechagua maradhi ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia: saratani ya figo inayojitokeza kwa manjano ya macho.

Mtu akigeuka manjano hapa kwetu, jina hutoka papo hapo: "Homa ya manjano hiyo!" Jamani, homa ya manjano ni ugonjwa wake mbali, unaoletwa na mbu. Manjano ya macho ni dalili, na sababu zake ni nyingi. Mara nyingi ni homa ya ini, malaria kali, vijiwe vya nyongo, au seli mundu kwa watoto wetu.

Sababu moja, tena ya nadra sana, ni figo. Mwaka 1961 Dk. Maurice Stauffer wa hospitali ya Mayo, Marekani, aliandika habari za wagonjwa wa saratani ya figo ambao vipimo vyao vya ini vilikuwa vibaya, na huku saratani yenyewe haijafika kwenye ini. Uvimbe ule wa figo humwaga ndani ya damu vitu vinavyolivuruga ini kwa mbali. Kwa wengi huonekana kwenye vipimo tu. Wachache ndio hugeuka manjano. La kutia moyo ni hili: figo ile ikitolewa kabla saratani haijasambaa, kwa kawaida ini hurudi katika hali yake baada ya wiki au miezi. Na mtu huishi kwa figo moja iliyo nzima.

Sasa tufanye nini? Kwanza, mwenye manjano aende hospitali, asikae ndani akinywa mizizi. Vipimo visipoonesha sababu, tumuulize daktari: "Na figo je, zimetazamwa?" Picha ya utrasaundi ya tumbo huonesha ini na figo kwa pamoja, wala haiumi.

Pili, Unguja tumezoea kichocho, basi damu kwenye mkojo tunaipa jina hilo. Isipewe jina kabla ya kupimwa, khasa kwa mtu mzima anayeumwa ubavu au anayekonda bila ya sababu.

Tatu, sigara, unene uliopita kiasi na presha huongeza hatari ya saratani hii. Presha tuipime.

La mwisho ndilo ombi letu. Mfuko wetu wa kusaidiana hutoa kwa mazishi na khitma, na hilo ni jambo la kheri. Tunaomba mkutano mkuu ukubali utoe pia pesa za vipimo, na nauli ya boti kwa mwenzetu atakayepewa rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli hiyo ni ndogo kwetu sote tukichanga, ela kwa mgonjwa aliye peke yake ni mlima. Tumtie mwenzetu mkononi angali anatembea, tusingoje kumnunulia sanda.