Usifiche miaka yako dukani: kuchagua skii kwa wazee wetu

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama na wafadhili. Tumeyaandika hapa juu ya wale ambao hawakufika.



Tunajua kuna watu watacheka. Chama cha watu waliorudi kinakaa hapa Lubumbashi, katika joto hili, kuzungumza habari ya theluji? Lakini wengi wenu mliishi Ufaransa na Uswisi miaka 20, wengine 30. Ninyi mlirudi, watoto walibaki. Mwezi wa pili, shule za kule zikifungwa, simu inalia: "Papa, kuja, wajukuu wanakungoja mulimani." Na skii mnazijua. Si wanafunzi, si mabingwa: njia ya buluu mnashuka bila shida, nyekundu polepole, nyeusi mnawaachia vijana. Basi maneno haya ni yenu.

Tena sanduku letu linayajua. Mwaka uliopita tulichanga juu ya muzee wetu mmoja wa miaka 63. Ametupa ruhusa ya kuyasema. Aliazima skii za mkwe wake. Mkwe ana miaka 35, kilo 90, na anapenda mbio. Muzee ana kilo 68. Alianguka kwenye njia ya buluu, tena akienda polepole, karibu kusimama. Skii ilizunguka upande, kiatu hakikuchomoka, mfupa wa mguu ukavunjika. Bima yake, ile aliyolipia viza, haikuhesabu michezo ya theluji. Deni likarudi kwake, likafika kwetu.

Wawili katika timu yetu ya uwanjani walisoma Grenoble, na wakati wa baridi walikuwa wanafanya kazi katika duka la kukodisha skii. Ndiyo maana tunathubutu kuwafundisha wazazi wetu.

Tuanze na kile kilichomvunja muzee. Haikuwa skii yenyewe, ilikuwa kishikio, kile chuma kinachofunga kiatu juu ya skii. Kazi yake ni mbili: kushika wakati unashuka, kuachia wakati unaanguka. Fundi anakikaza kwa kufuata jedwali. Anakuuliza kilo zako, urefu wako, miaka yako, na namna unavyoshuka. Halafu anapima urefu wa soli ya kiatu kwa milimita. Kuanzia miaka 50, jedwali linateremsha namba, ili kishikio kiachie mapema zaidi. Sasa fikiri: mtu wa miaka 58 anasema 48 juu ya kuona haya mbele ya binti wa duka. Mwingine anasema "nashuka kwa nguvu sana" na siyo kweli. Wote wawili wamejikazia chuma mguuni kwa mdomo wao. Na mama anayepunguza kilo, chake kinaweza kumwachia katikati ya kona. Sema kweli. Yule fundi hatamwambia mtu. Hata hivyo tusidanganyane: kishikio kilichokazwa vizuri hakiokoi kila goti.

Pili, urefu. Simamisha skii mbele yako. Kwa mtu wa kiwango cha katikati, ncha ifike kati ya kidevu na paji la uso. Mtu wa sentimita 170 anaweza kuanzia 155 mpaka 163 hivi. Mwepesi, au mwenye kupenda polepole, achukue ile fupi. Skii ndefu inatulia kwenye mbio, lakini wewe hukuja kwa mbio.

Tatu, upana pale chini ya kiatu. Kwa njia zilizosawazishwa na mashine, milimita 70 mpaka 80 zinatosha. Skii pana ni ya theluji laini iliyo nje ya njia. Kwenye theluji ngumu ya asubuhi, inaomba goti nguvu nyingi kuilaza upande.

Ine, ugumu. Skii za mashindano zinang'aa na zinavutia macho, lakini ni ngumu, hazipindi mpaka uende kasi. Uliza ile inayopinda bila kulazimishwa, yenye ncha ya mbele iliyonyanyuka kidogo, maana inaingia kwenye kona bila vita. Juu ya skii kumeandikwa ukubwa wa kona yake kwa mita. Mita 12 mpaka 15 inawafaa wengi wenu.

Tano, kiatu. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua kiatu, skii ukodishe. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukipinda magoti, virudi nyuma. Kisigino kisinyanyuke. Na umwonyeshe fundi soli, kwa sababu si kila soli inaingia katika kila kishikio.

Mutu anayeenda juma moja kwa mwaka, anunue skii juu ya nini? Kodisha. Ukiona ya kwanza inakuchokesha, rudi saa sita ubadilishiwe. Maduka mengi yanakubali. Na kofia ngumu usiisahau.

Mbele ya kusafiri, soma bima. Viza ya Schengen inaomba bima ya matibabu ya euro 30,000 kwa uchache, lakini hiyo haimaanishi skii imo. Tafuta neno hilo kwenye karatasi. Ukikosa kuliona, uliza, wakujibu kwa maandishi.

Wafadhili wetu wapendwa, hapa tunawageukia kwa heshima. Baadhi yenu mmesema mtawaazima wazee wetu skii zenu za zamani zilizo garaji. Aksanti, ni moyo mwema. Lakini tunaomba kwanza zipelekwe dukani, pamoja na muzee mwenyewe na kiatu chake, zipimwe na kukazwa kwa mwili wake. Fundi akisema kishikio kimezeeka, msibishane naye. Afadhali mlipie siku moja ya kukodi kuliko kutoa jozi nzima ambayo haikupimwa.

Muzee wetu sasa anatembea, na fimbo. Yuko hapa mbele, amekaa kiti cha kwanza. Tulimuuliza aongeze nini. Akasema: "Mngeniuliza miaka yangu siku ile, ningewadanganya. Leo ni 64, andikeni."

Tumeandika.