Aliyepita na Aliyekaa: Kuandika Safari na Kulipwa

Mhadhara wa umma uliotolewa Matete, Kaunti ya Kakamega



Juzi kijana mmoja wa bodaboda alinipakia kutoka stejini, na tulipofika akakataa kupokea nauli kabla sijamjibu swali lake. "Mwalimu," akaniuliza, "mtu wa hapa Matete anaweza kula kwa kuandika safari?" Nikamwambia anaweza, nikamlipa, nikaingia nyumbani. Usiku nikaona nimemjibu kama mtu anayefukuza mgeni mlangoni. Basi leo nimekuja kulimaliza deni hilo, na naomba mniruhusu nianzie mbali kidogo.

Mwezi wa Machi 1883, Mskoti wa miaka 25 aitwaye Joseph Thomson aliondoka pwani yetu akiwa ametumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Akaikata nchi ya Wamasai, akafika Baringo, akageukia magharibi, akateremka hadi Kabras, akavuka Nzoia, na Desemba akawa ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mnaona alipopita. Mwaka 1885 akatoa kitabu, Through Masai Land, kikasomwa sana Uingereza na kumpa sifa iliyodumu kuliko maisha yake, kwa maana alifariki 1895 akiwa bado kijana. Humo Kabras imetajwa. Yawezekana hiyo ndiyo mara ya kwanza nchi hii yetu kuuzwa dukani, ikiwa imefungwa ndani ya karatasi.

Lakini njia ile haikuwa ya Thomson. Msafara wake uliungana na wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliyekuwa akiingia na kutoka Umasai tangu zamani. Kimameta alijua maji yako wapi, nani apewe shanga za rangi gani, na kijiji kipi kinalaza wageni. Maarifa yale yalikuwa mali, na aliyeyageuza kuwa kitabu ni yule mgeni. Leo Kimameta tunampata ndani ya kurasa za mwenzake.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu uko katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 1896 mtu aitwaye Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Aliyoyaona akayasimulia kwa Kiswahili, na 1901 yakachapishwa kule Göttingen katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, pamoja na safari za wenzake kama Sleman bin Mwenyi Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Baridi ya Siberia ikaelezwa kwa Kiswahili! Ningetamani kila mwanafunzi wa kidato cha nne aisome. Ila ukikishika kitabu chenyewe, jina lililo kwenye jalada ni la Carl Velten, mkusanyaji. Tena angalieni neno lenyewe, safari. Limeingia katika lugha nyingi za dunia na linauza tiketi, hema na viatu katika miji ambayo wenyeji wake hawamjui Mswahili hata mmoja.

Kwa hiyo kijana wangu wa bodaboda anapouliza kama safari inaweza kumlisha, najua kwamba safari imelisha watu tangu zamani. Ninalojiuliza ni pesa ile inaingilia wapi, na kwa nini inampita aliyekaa ikamfuata aliyepita.

Vijana wengi wanadhani pesa iko katika matangazo ya mtandaoni. Tuipige hesabu. YouTube inamtaka mtu awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kumgawia mapato ya matangazo ya video zake ndefu. Akishakubaliwa anapewa asilimia 55, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Sheria ya Fedha ya 2023 nayo ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya anayelipwa kwa kazi za namna hiyo. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kila watazamaji elfu wamekuachia dola moja. Video yako ya maporomoko ya Nabuyole ikitazamwa mara 10,000, una dola 10 ambazo bado huwezi kuzigusa, na bando umeshanunua, na mafuta ya pikipiki yameshaungua. Bei ya tangazo pia hufuata mahali mtazamaji alipo na uzito wa mfuko wake. Watazamaji elfu wa Lumakanda hawalipiwi sawa na watazamaji elfu wa Chicago. Sisemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili mtu asiache shamba la mahindi akisubiri mvua ya wingu ambalo halijafika huku.

Hebu tutazame waliofanikiwa sana, tuone walianza na nini. Mwaka 1973, mume na mke waliotoka Uingereza hadi Australia kwa njia ya nchi kavu na bahari, Tony na Maureen Wheeler, walichoshwa na maswali ya watu: mmepitaje, mmelala wapi, ilikuwa pesa ngapi? Wakaandika majibu katika kijitabu walichokibana kwa pini wenyewe. Ndicho kilichozaa Lonely Planet. BBC iliinunua kampuni hiyo kwa mafungu mawili, 2007 na 2011, kwa jumla ya pauni zaidi ya milioni 130, na 2013 ikaiuza kwa milioni 51.5. Wengi huisimulia hasara hiyo. Mimi hunivutia kile kijitabu cha pini. Watu walikinunua kwa sababu kilijibu maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Basi Matete inaulizwa nini, na nani anauliza?

Ukisema msafiri, akili hukimbilia Mzungu mwenye kamera shingoni. Huyo hapa hupita kwa nadra. Akija Kakamega atakwenda kuuona msitu, ambao kwetu Kenya ndio mabaki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, atasimama kwenye Jiwe la Machozi la Ilesi, labda aamke alfajiri kuona ng'ombe dume wakipigana kule kwa Waisukha na Waidakho. Msafiri wa Matete ni mwingine. Ni mgeni wa matanga. Ni mkwe kutoka Murang'a anayeleta wazee wake kwa mara ya kwanza, hajui kama gari dogo litafika bomani. Ni mjukuu aliyezaliwa Nairobi, au Doha, au Minnesota, anayekuja Desemba na haijui njia ya kwa kukhu wake, yaani bibi yake. Ni watu wanaokuja Agosti ya miaka ya shufwa, msimu wa tohara unapopamba moto kwa majirani zetu Wabukusu. Kila Ijumaa jioni mabasi yanashusha watu wa namna hiyo magharibi yote, nao wana maswali tele: tutalala wapi, choo kiko wapi, mto ukifurika tupite wapi, mwanamke akae upande gani wa kilio, sufuria na hema zinakodishwa na nani.

Watu hawa tayari wanatumia pesa. Wanakodi, wanakula, wanalala. Anayewaandikia kwa usahihi ameshika soko ambalo hakuna kampuni ya London italigombania. Mwenye nyumba ya wageni atalipia nafasi ndani ya mwongozo wa namna hiyo, mwenye hema na viti naye, na msomaji mwenyewe atatuma shilingi mia kwa M-Pesa akijua itamwokoa kuzunguka gizani. Kwa njia hii wasomaji mia tatu wanaokuamini wana maana kuliko elfu kumi waliopita wakacheka wakaendelea.

Kuaminiwa ndiko kugumu, na hapa niseme kosa langu. Miaka ya nyuma niliandika makala juu ya Nabuyole. Niliisifu sana: povu la Nzoia, ukungu usoni, miamba. Nikaandika kwamba bodaboda kutoka mjini Webuye itakufikisha bila taabu. Nilikuwa nimekwenda Januari, njia ikiwa kavu kama chapati ya jana. Mama mmoja akaisoma, akaja Mei na watoto wawili. Udongo wetu mnaujua ukinywa maji: ulijaa kati ya tairi na mkingamatope mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, dereva akaanza kuukwangua kwa kijiti, na yule mama akamaliza njia kwa miguu, kiatu kimoja mkononi, mtoto mgongoni. Alinitafuta kwa simu. Hakunitukana. Aliniuliza, kwa upole ulionichoma, "Mwalimu, ulikwenda kweli?"

Tangu siku hiyo kila nikiandika mahali, naandika mwezi niliokwenda. Naandika mvua ilinyesha lini, nauli niliyolipa na ile niliyotajiwa kwanza, saa ya gari la mwisho kurudi. Hayo ndiyo mtu hulipia. Uzuri wa maporomoko atauona mwenyewe akishafika.

Kuna pesa nyingine inakuja na ndoano. Mwenye hoteli anakulaza bure, anakukaangia kuku wa kienyeji, halafu anangojea sifa. Niliwahi kulala hivyo mahali fulani ambapo maji hayakutoka siku mbili, na nilijikuta nikitafuta maneno ya kulikwepa bomba. Sikuichapisha makala ile. Ukilazwa bure, mwambie msomaji katika mstari wa kwanza kwamba umelazwa bure, kisha utaje bomba. Mwenye hoteli mmoja atakununia. Wengine watajua neno lako lina uzito, na ndipo tangazo lako litakapopanda bei.

Vilevile tusigeuke Thomson juu ya watu wetu wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uwe na sababu halali, kama ridhaa ya mhusika, kabla ya kutumia habari za mtu, na sura yake ni miongoni mwa habari hizo. Lakini hata sheria isingekuwepo, mtoto aliyepakwa udongo siku ya tohara, au mjane juu ya mkeka wake, asiwe picha ya kukuletea wafuasi. Na mwenye maarifa alipwe. Nawasihi wenzangu tunaofundisha tulishike hili: tunawafunza wanafunzi kutaja kitabu walichonukuu, halafu tunawatuma kwa mzee wa kijiji kuchukua hadithi ya nusu siku bila hata kumpelekea sukari.

Nina daftari langu hapa. Nitawasomea ukurasa mmoja wa safari ya mwisho niliyoifanya, kutoka hapa sokoni hadi upande wa Chetambe, ambako 1895 watu wetu walizingirwa na majeshi ya Waingereza na washirika wao ndani ya boma la udongo. Bodaboda kwenda na kurudi, shilingi 500. Chai na mandazi, 70. Bando, 100. Mzee aliyenionyesha mahali, 500. Makala niliyoitoa ililipwa 4,000, ikabaki 2,830 kwa siku mbili za kazi, moja ya kutembea na moja ya kuandika. Si utajiri. Ni pesa ya kweli iliyoingia Matete, na zaidi kidogo ya robo yake ilibaki mikononi mwa watu niliokutana nao njiani.

Yule mzee alipopokea zile mia tano alizikunja, akazishika bila kuzitia mfukoni, akaniuliza jina lake nitaliweka wapi. Nikamwambia juu, karibu na langu. Akasema niende nikaandike, kisha nirudi nimsomee. Nilirudi Jumapili. Alikaa juu ya kigoda chini ya mparachichi, macho amefumba, nami nikasoma. Alininyamazisha mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimekosea jina la kijito. Ya pili nilikuwa nimeandika kwamba watu walikimbia, akasema la, wengine walikaa, andika walikaa. Ya tatu hakuwa na kosa la kusahihisha. Alitaka tu nirudie kusoma mstari wenye jina lake. Nikaurudia, akamwita mjukuu wake kutoka jikoni aje asikie, nikaurudia tena.