Nyigu Mdogo, Rafiki wa Mkulima wa Kabichi

Somo letu la leo ni habari za mdudu anayemsaidia mkulima wa kabichi.

Bila shaka umewahi kuona kabichi iliyotobolewa matundu matundu. Anayeiharibu mara nyingi ni kiwavi mdogo wa kijani. Ukimgusa hujipindapinda kwa haraka, kisha huning'inia kwa uzi mwembamba. Mama yake ni nondo mdogo mwenye alama mgongoni mfano wa almasi.

Wakulima wengi humpiga kiwavi huyu kwa dawa ya sumu. Lakini wapo viwavi wachache wasiokufa. Hao ndio wanaozaa, na watoto wao nao huizoea dawa. Mkulima huongeza sumu, fedha zake huisha, na mboga zetu huingia sumu.

Basi wataalamu walitafuta njia nyingine. Taasisi ya ICIPE ya Nairobi ilileta nyigu mdogo sana kutoka Taiwan. Mwaka 2002, baada ya kumchunguza, ilimwachia huru huko Werugha, katika milima ya Taita, Kenya. Nyigu huyo alizaana na kuenea, na viwavi wakapungua.

Je, anafanyaje kazi? Nyigu jike humchoma kiwavi na kutaga yai ndani ya mwili wake. Yai huanguliwa, akatoka buu. Buu humla kiwavi polepole kutoka ndani. Kiwavi hujifumia kifuko cha nyuzi ili awe nondo, lakini kifukoni hutoka nyigu mpya! Nyigu huyu hali kabichi, wala hamdhuru mtu.

Sasa sikiliza kwa makini. Dawa kali inayoua kiwavi humwua nyigu pia. Kwa hiyo usinyunyize kwa mazoea. Kagua shamba kwanza. Acha maua pembeni, maana nyigu hunywa maji yake matamu. Zungumza na jirani yako, kwani sumu ya shamba lake huwaua nyigu wako. Kumbuka pia kwamba nyigu huyu hupenda nchi ya baridi, na hawali vidukari. Kwa hao, mwulize bwana shamba.

Maswali
1. Nyigu hutaga yai wapi?
2. Kwa nini tusinyunyize dawa kwa mazoea?
3. Utamwambia nini jirani yako?