Watu, Nyumba na Majitaka: Mji wa Byron Bay Ulivyokua



Tarehe 10 Agosti 2021 Australia ilifanya sensa. Kwao Agosti ni majira ya baridi. Siku moja kabla yake, serikali ya jimbo la New South Wales ilikuwa imetangaza kufungwa kwa wilaya ya Byron na wilaya jirani kwa sababu ya Korona: biashara zifungwe na watu wakae majumbani. Kwa hiyo wilaya inayoishi kwa utalii ilihesabiwa usiku usiofanana na usiku mwingine wowote wa mwaka. Idadi iliyotumika baada ya hapo ni takriban watu 36,000 kwa wilaya nzima, yenye mji wa Byron Bay na miji midogo kama Mullumbimby, Brunswick Heads na Bangalow.

Kabla ya Korona wilaya hiyo ilikuwa ikipokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: kila mkazi anaangukiwa na wageni zaidi ya 50. Wanaolipa kodi ya majengo kwa halmashauri ni kama 15,000 tu. Mada yangu imesimama juu ya hesabu hizo tatu. Tunaposema mji wa pwani umekua, mara nyingi tunatazama idadi ya watu kwenye kitabu cha sensa, kisha tunaipangia nyumba na barabara. Byron Bay inaonyesha kuwa idadi hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isitufae kupangia chochote.

Nianze na historia kidogo. Eneo hili ni la watu wa Arakwal, wa jamii kubwa ya Bundjalung. James Cook alipopita mwaka 1770 akaipa rasi jina la Byron, na mnara wa taa uliojengwa juu yake mwaka 1901 upo hadi leo. Ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia. Mji uliomea chini yake haukuwa wa kitalii hata kidogo. Ulikuwa wa siagi, nyama na kwa muda mfupi nyangumi: kituo cha kuvulia nyangumi kilifanya kazi kuanzia mwaka 1954 hadi 1962, na machinjio yakafungwa mwaka 1983. Ulikuwa mji wa harufu, na ardhi yake ilikuwa rahisi. Vijana wa kuteleza mawimbini walianza kuja miaka ya 1960, na tamasha la Aquarius la mwaka 1973 huko Nimbin, mlimani magharibi yake, likaleta kundi jingine la vijana waliotaka kuishi mbali na jiji. Wengi wakabaki. Hao ndio waliokuja kuwa wapinzani wakali wa maendeleo makubwa, na ni muhimu tuwaelewe, maana bila wao hatungekuwa na kisa cha kusimulia.

Mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Queensland, ipo Gold Coast, yenye jengo la Q1 la ghorofa 78 na urefu wa zaidi ya mita 320. Katikati ya Byron Bay, jengo la ghorofa tatu ni refu. Tofauti hiyo ni matokeo ya maamuzi. Kampuni ya Club Med ilipotaka kujenga hoteli kubwa ya kitalii, wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya jimbo ikabatilisha kibali kilichotolewa na halmashauri, kwa sababu athari kwa wanyama wa eneo hilo hazikuwa zimetathminiwa kama sheria inavyotaka. Mwaka 2004 wilaya ikachagua meya kutoka chama cha Kijani. Wengi wanaousimulia mji huu wanaishia hapo: wananchi walikataa, mji ukabaki mdogo, mambo mazuri. Mimi naona hapo ndipo matatizo yalipoanza kuwa magumu kuyaona.

Kilichouzuia mji kukua zaidi ya kelele zote za wanaharakati kilikuwa majitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mitambo ya kusafisha majitaka ilikuwa imefika kikomo, na halmashauri ikasimamisha miradi mipya ya ujenzi ambayo ingeongeza mzigo kwenye mabomba. Zuio lilidumu hadi katikati ya miaka ya 2000, mtambo wa West Byron ulipopanuliwa. Kwa sisi tulio kwenye mipango miji, hapa pana mambo ya kutulia nayo.

Mtambo wa majitaka haujali mkazi ni nani. Ukubwa wake hupangwa kwa kile wahandisi wanachokiita mtu sawia, yaani kiasi cha majitaka anachotoa mtu mmoja kwa siku, awe mwenye nyumba, mpangaji, au kijana aliyelala usiku mmoja hosteli. Na haupangwi kwa wastani wa mwaka. Unapangwa kwa siku mbaya: wiki kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka, siku za matamasha. Ongeza mvua za kiangazi za ukanda ule, ambazo hupenya kwenye mabomba ya zamani yenye nyufa na kufanya mtambo usafishe maji ya mvua kana kwamba ni majitaka. Kwa hiyo mji wa watu wachache unahitaji mtambo wa mji mkubwa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mtambo huo utaonekana kama ufujaji wa fedha. Diwani anayetaka kura ana kazi ngumu ya kuutetea.

Nchi yenyewe pia ilileta ugumu. Bonde la kijito cha Belongil, nyuma ya mji, ni ardhi oevu iliyokaushwa zamani kwa mifereji ili ifugiwe ng'ombe. Udongo wa aina hiyo una salfaidi. Ukikauka na kupata hewa hutoa asidi, na mvua ikinyesha asidi hiyo hushuka kijitoni na kuua samaki. Suluhisho walilolichagua linafaa kusomwa na kila mhandisi wa pwani. Badala ya kuyapeleka maji yote yaliyosafishwa moja kwa moja kijitoni, sehemu yake humwagiliwa kwenye eneo la hekta 24 lililopandwa upya miti ya melaleuka, miti ya asili ya kinamasi yenye magome yanayobanduka kama karatasi. Miti inakunywa, ardhi inabaki na unyevu, asidi inatulia.

Kuhusu barabara nitapita haraka, kwa sababu kisa chake mnakijua hata kama hamjafika huko. Kutoka barabara kuu ya Pacific, magari mengi huingia mjini kwa barabara moja, Ewingsdale Road, na msimu wa likizo foleni hurudi hadi kwenye barabara kuu. Reli ya kutoka Casino hadi Murwillumbah, iliyopita katikati ya mji, ilisimamishwa na serikali ya jimbo mwaka 2004, wakati ule ule mji ulipokuwa ukifurika wageni. Barabara ya mchepuo, yenye urefu wa kama kilomita moja tu, ilibishaniwa kwa miaka mingi na kufunguliwa mwaka 2021. Sehemu ya ubishi huo ilihusu konokono wa porini aliye hatarini kutoweka, anayeishi kwenye kinamasi cha Butler Street. Tusimcheke. Konokono yule aliilazimisha halmashauri itenge na kutunza makazi yake mahali pengine kabla ya kumwaga lami, na sioni ubaya wake.

Sasa nyumba. Kuanzia mwaka 2011, ili kupata nyumba za bei nafuu bila kupanua mji, halmashauri iliwasamehe michango ya miundombinu wenye viwanja waliojenga nyumba ya pili nyuma ya ile kubwa. Kwetu tungesema banda la uani. Katika jimbo lile, kila ujenzi mpya hulipa mchango wa barabara, bustani, maji na majitaka kulingana na mzigo utakaoongeza. Msamaha ulikuwa wa maana, na wazo lilikuwa zuri: mama mzee akae uani, au mwalimu kijana apange kwa bei anayoimudu. Mabanda yakajengwa kwa wingi. Lakini sehemu ya hayo mabanda yakaingia kwenye Airbnb, kwa sababu wiki moja ya mgeni mwezi Januari huingiza fedha ambayo mpangaji wa kudumu hawezi kuifikia. Halmashauri ikapoteza mara mbili: mchango wa bomba haikuupata, na mpangaji iliyemkusudia naye hakupata chumba. Baadaye msamaha ukaondolewa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la vibali: vilitazama umbo la jengo bila kufuatilia matumizi yake. Banda ni lile lile, milango ile ile, bomba lile lile. Kilichobadilika ni nani analala ndani.

Korona ikazidisha. Watu wa Sydney na Melbourne walioruhusiwa kufanyia kazi nyumbani waligundua kuwa nyumbani kunaweza kuwa popote, na bei ya kati ya nyumba mjini Byron Bay ikaipita ile ya Sydney. Kisha, mwisho wa Februari 2022, yakaja mafuriko. Huko Lismore mto Wilsons ulipanda hadi zaidi ya mita 14. Lismore ndiyo iliyokuwa kimbilio la nyumba za bei rahisi kwa eneo lote, pamoja na wafanyakazi wengi wa hoteli na migahawa ya pwani. Nyumba zile zilipozama, ngazi ya chini kabisa ya soko la nyumba iliondoka kwa siku moja. Vijiji vya nyumba za muda vikajengwa. Cha Mullumbimby kiliwekwa kwenye ardhi ya ile reli iliyosimamishwa mwaka 2004.

Kila mwaka serikali ya jimbo huhesabu watu wanaolala nje. Katika hesabu ya mwaka 2024, wilaya ya Byron ilikuwa na watu 348, na jiji la Sydney 280. Rudieni kuisoma namba hiyo mkikumbuka kuwa wilaya ina watu 36,000. Wengine hulala ndani ya magari kando ya ufuo, na askari wa halmashauri huwatoza faini kwa kupiga kambi pasiporuhusiwa. Wapo kati yao wanaoamka na kwenda kazini.

Baada ya miaka ya mabishano, mwaka 2023 Tume Huru ya Mipango ya jimbo ilisikiliza pande zote na kupendekeza kwamba nyumba ambayo mwenyewe haishi ndani isipangishwe kwa wageni zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Sehemu nyingine zenye ukomo huo jimboni ni siku 180. Kanuni ilianza kutumika tarehe 23 Septemba 2024. Hata hivyo, baadhi ya maeneo ya karibu na ufuo katika Byron Bay na Brunswick Heads yaliachiwa mwaka mzima, na mgeni anayekaa siku 21 mfululizo au zaidi haingii katika hesabu ya zile 60. Mwenye nyumba mwerevu atajua la kufanya. Mimi naiunga mkono kanuni hii, ila si kwa sababu itashusha bei, sitarajii ishushe. Naiunga mkono kwa sababu kwa mara ya kwanza inailazimu nyumba iseme inafanya kazi gani.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo gumu. Halmashauri za New South Wales haziruhusiwi kupandisha kodi ya majengo zitakavyo. Kiwango cha kila mwaka huwekwa na chombo cha jimbo kiitwacho IPART. Byron iliomba na kupewa nyongeza maalumu ya asilimia 7.5 kwa mwaka, kwa miaka minne kuanzia 2017, hasa kwa ajili ya matengenezo yaliyokuwa yamerundikana. Waliolipa ni wale wale 15,000. Njia pekee kubwa ya kumgusa mgeni moja kwa moja imekuwa ada ya maegesho, ambayo mkazi huikwepa kwa kununua kibali cha mwaka cha bei ndogo. Kodi ya kitanda, wanayoilipa wageni wa Zanzibar kwa kila usiku kwa ajili ya miundombinu, halmashauri ya Byron haina mamlaka ya kuitoza. Jimbo la Victoria lilianza tozo ya asilimia 7.5 kwa upangishaji wa muda mfupi tarehe 1 Januari 2025, na fedha zake zimeelekezwa kwenye nyumba za gharama nafuu; New South Wales ikabaki bila.

Nasema hili bila kuzunguka: Byron Bay haikushindwa kwa kuzuia majengo marefu. Ilishinda vita hiyo, na ufuo wake unashuhudia. Ilichokosa ni haki ya kisheria ya kumtoza anayetumia bomba, na takwimu za kuonyesha anayelitumia ni nani. Kitu cha kwanza kiko mikononi mwa jimbo. Cha pili halmashauri yoyote inaweza kukianza kesho kwa rejista ya vitanda na mita kwenye lango la mtambo.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi. Kila kikundi kitapewa ramani ya Byron Bay, orodha ya aina za malazi, na siku mbili: Jumanne moja ya Agosti, na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Naomba mkadirie watu sawia kwa siku zote mbili, kisha mpendekeze nani alipie tofauti iliyopo kati yake na kwa njia ipi. Kikundi cha tatu, ninyi mtafanya kama zuio la miaka ya 1990 bado lipo.